Samaki wa Jumanne

Mimi ni mtu wa Khayega, na kwetu mwenye heshima mezani ni kuku. Nasema hivyo mapema ili mtu asitarajie mengi kutoka kwangu. Samaki nilimjua kwenye sahani tu, mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara nilimla kwa wasiwasi kwa sababu ya miiba. Kama mama mkwe wangu asingekuja Minnesota, ningezeeka bila kushika ndoana, na nadhani ningezeeka salama.

Alikuja katikati ya Agosti, siku kumi baada ya mke wangu Peris kujifungua binti yetu, Nabwire. Alikuja kutusaidia kulea, akae mpaka Novemba. Hilo lilikuwa jambo jema na mimi mwenyewe nililitaka. Shida ni kwamba sisi ni Waluhya, na kwetu mkwe na mama mkwe hawana mchezo. Hawapeani mikono. Hawasemezani. Hawali pamoja. Hawakai chumba kimoja. Jina lake silitamki hata nikiwa peke yangu ndani ya gari na vioo vimefungwa. Na kubwa kuliko yote, mama hawezi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake.

Hili la mwisho liliitisha kikao cha wazee, wa kwao Port Victoria na wa kwetu, kwa simu, saa mbili na nusu nzima, mimi nikisikiliza kutoka kwenye maegesho ya hospitali ninayofanyia kazi hapa Coon Rapids. Walipochoka, mzee mmoja aliuliza kama nyumba ni yangu. Nikasema nimepanga.

"Basi hiyo ni nyumba ya mwenye nyumba," akasema. "Mama atakuwa mgeni wa Mzungu."

Wote wakamshukuru Mungu na kikao kikafungwa. Hakuna aliyeuliza nyumba ya Mzungu ina vyumba vingapi. Ina viwili vya kulala, sebule moja na bafu moja.

Peris ni nesi, na anaamini hakuna tatizo la binadamu lisilohitaji ratiba. Akaandika moja na kuibandika kwenye friji. Bafu: Mama saa kumi na mbili hadi saa moja, Bravin saa moja na robo. Jikoni niliruhusiwa dakika thelathini asubuhi na thelathini jioni. Sebule ilikuwa ya Mama siku nzima, maana kochi liko huko na mtoto alilelewa kwenye kochi. Kabla ya kutoka chumbani nilikuwa nakohoa mara mbili. Mama akisikia kikohozi anajifunika leso kichwani na kugeukia dirishani mpaka nipite. Kwa msimu mzima mama mkwe wangu aliyajua magari ya majirani wetu wote, rangi na namba, na mimi nilipata jina la mtu mwenye kifua kibovu.

Akiwa na neno la kuniambia, alimwambia Nabwire. Angeweza kumwambia kwa Kisamia, lugha ya kwao, ambacho mimi nakisikia nusu nusu, lakini alichagua Kiswahili ili nisipate kisingizio.

"Nabwire, mwambie baba yako maziwa yameisha."

Nabwire alikuwa na wiki mbili. Nilileta maziwa.

Siku za kazi niliziweza. Jumamosi ndiyo ilinishinda, kwa sababu ratiba haikuwa na mahali pa kuniweka. Jumamosi mbili za kwanza nilikaa ndani ya gari langu, chini ya nyumba, nikisikiliza redio. Ya tatu, mtu akagonga kioo. Alikuwa Salmin, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ambaye hapa anafanya kazi ya matairi.

"Bwana, Jumamosi ya tatu hii nakuona umo garini. Umefukuzwa?"

"Nina mama mkwe."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole. Twende mtoni."

Usidhani Salmin ni mvuvi kwa kuwa ametoka pwani. Ukoo wao ni wa mafundi saa, na Mombasa hakuwahi kuvua hata dagaa. Alijifunza hapa hapa, kwa YouTube, baada ya talaka. Sasa anamfuata samaki mmoja tu, na wengine wote anawaita takataka. Huyo mmoja, wenyewe wanamwita smallmouth bass, yaani wa mdomo mdogo. Mdomo si mdogo hata kidogo. Ana rangi ya chai isiyo na maziwa, michirizi ubavuni na jicho jekundu la mtu aliyeamka vibaya. Akikamatwa anaruka nje ya maji, anakutazama, anarudi chini kwa hasira na kuvuta kana kwamba ndoana iko mdomoni mwako wewe.

Sehemu yetu ilikuwa Champlin, kwenye mawe ya ukingoni ambapo Mississippi inapinda na kuchimba shimo refu. Salmin alinifundisha kila kitu, na mengine mara tatu. Maji yakianza kupoa mwezi wa Septemba, samaki huyu anakula kwa fujo akijiwekea akiba ya baridi. Yakizidi kupoa anashuka shimoni na kutulia na wenzake, na hapo chambo unakiburuta chini polepole, halafu polepole zaidi, mpaka unaanza kujiona mjinga. "Huo ndio mwendo wenyewe," Salmin aliniambia. Nilijiona mjinga kwa saa nyingi.

Halafu kuna sheria. Kuanzia katikati ya Septemba, jimbo hili haliruhusu kumchukua huyu wa mdomo mdogo. Unamshika, unamrudisha. Uloweshe mikono kwanza ili usimkwangue ute wake, na asikae nje ya maji zaidi ya sekunde thelathini.

"Zuia pumzi," Salmin alisema. "Ukishindwa wewe, na yeye ameshindwa."

Wangu wa kwanza nilimpata Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Sitaficha: nilipiga kelele. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nina mtoto, nina kazi ya heshima, na nilipiga kelele mpaka bata wakahama. Salmin akanipiga picha. Nikamshusha majini, nikafungua mikono, akakaa kidogo akitikisa mkia kisha akatoweka. Tangu nije nchi hii sijawahi kufurahi namna ile kwa kitu nilichokiacha kiende.

Nikarudi nyumbani na furaha yangu. Nikakohoa mara mbili.

"Nabwire," nikasikia kutoka sebuleni, "baba yako alikwenda wapi?"

"Mtoni, Mama," Peris akajibu. "Kuvua."

"Samaki yuko wapi?"

Mimi nikiwa koridoni nikamwambia Peris, "Mwambie nimemrudisha."

"Amemrudisha, Mama."

"Amemrudisha kwa nani?"

Ni lazima nieleze kwamba mama mkwe wangu ameuza samaki Port Victoria, ukingoni mwa ziwa, kwa miaka thelathini na moja. Amewanunua kwenye mitumbwi, amewakausha, amewakaanga, amewasafirisha mpaka Bungoma na Eldoret. Kwake yeye, mtu anayesema amemshika samaki na kumwachia ni kama mtu anayesema amekwenda sokoni akanunua mahindi, akayarudisha shambani. Peris alimweleza sheria taratibu, kama anavyoeleza wagonjwa dawa.

"Serikali imekataza kula samaki?"

"Huyu mmoja, Mama. Na ni season hii tu."

"Lakini imeruhusu kumtoa majini."

"Ndiyo."

"Kumpiga picha."

"Ndiyo, Mama."

"Kisha kumrudisha. Na mto mzima hauna mwingine."

Peris akasema wengine wapo. Nikamwambia Peris kupitia ukuta kwamba wengine hawajataka kula chambo changu. Ilikuwa kweli, lakini haikusikika hivyo. Mama alifikiri kidogo.

"Nabwire," akasema, "lala."

Basi ikawa ndiyo desturi ya kila Jumamosi. Natoka asubuhi, narudi saa kumi, mikono mitupu. Wiki ya pili nilisikia koti langu likinuswa. "Samaki kidogo," Mama alimwarifu mjukuu wake. "Sabuni nyingi." Ni kweli nilikuwa nanawa kwenye kituo cha petroli kabla ya kurudi, kwa sababu kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba. Mwenye akili yake angesema huyu baba ni msafi. Mama hakusema hivyo.

Wiki ya tatu nilimpa Peris simu amwonyeshe Mama picha. Tatu, za Jumamosi tatu, samaki mkubwa kila mara na mimi nyuma yake nikicheka. Nilijifungia chumbani nikasubiri sifa. Walikaa nazo muda mrefu. Nilisikia Mama akimwambia Peris apanue hapa, apanue pale.

"Ni yule yule," akasema.

"Nani, Mama?"

"Samaki. Mkia umechanika kwa chini. Na hapa juu ya jicho ana doa. Hizi picha tatu ni samaki mmoja. Alimshika siku moja, sijui mwaka gani, sasa anasema ni wa kila wiki."

Niliumia sana. Nilikohoa mara nne, bila kutoka popote. Peris alipokuja kulala nilimnyang'anya simu nikaanza kupanua mwenyewe, nikitafuta neno la kumjibu mama yake. Mkia ulikuwa umechanika kwa chini. Doa lilikuwa juu ya jicho. Tarehe zilikuwa tatu, koti langu lilikuwa tofauti mara tatu, na samaki alikuwa mmoja.

Salmin nilipomwambia alicheka hadi akakaa chini kwenye matairi.

"Sasa washuka shimoni, hawatoki tena mpaka majira yageuke. Wewe kila wiki wabisha hodi nyumba moja, waajabia mwenyewe kukufungulia?"

Nilipeleka maelezo hayo nyumbani. Heri nisingeyapeleka. "Samaki akishikwa mara moja anapata akili," Mama alimwambia Nabwire. "Mtu ndiye hapati." Hapo Peris alicheka, na mimi nikacheka chumbani, lakini baadaye, taa ilipozimwa, Peris aliniuliza swali bila kunigeukia.

"Bravin, huwa unaenda wapi?"

"Champlin, Peris. Kwa mawe. Na Salmin. Muulize."

"Salmin ni rafiki yako."

Kwetu kila mwanamume anayepotea Jumamosi ana rafiki wa kumtolea ushahidi.

Jumatatu iliyofuata niliingia jikoni katika dakika zangu thelathini na kukuta kitu kipya kwenye friji, kando ya ratiba. Zilikuwa picha mbili ndogo za Nabwire, za pasipoti, macho yameduwaa, kichwa kimeshikiliwa na mkono uliofichwa chini ya kitambaa cheupe. Nikamwuliza Peris.

"Mama anasema turudi naye. Mimi na mtoto. Leave yangu iko mpaka January. Tukae nyumbani kidogo, mpaka tuone."

"Tuone nini?"

"Tuone, Bravin."

Nilikwenda kazini nikiwa na hiyo "tuone" kifuani. Tiketi ya Mama ilikuwa ya tarehe nane Novemba. Ningebaki mimi na bafu, saa zote ishirini na nne. Nabwire alikuwa ameanza kunichekea wiki ile ile, kicheko kisicho na sauti, mdomo wote wazi. Nikisema nilikuwa na hofu nitakuwa nimepunguza. Siku ile nilimpima mgonjwa mmoja presha mara tatu.

Ndipo nilipofanya upuuzi wangu. Mtu wa ziwani asingeufanya. Ni mtu wa kuku tu anayeweza kufikiri kwamba samaki ni samaki.

Jumamosi ile sikumpitia Salmin. Nilikwenda duka moja la vyakula, nikachagua samaki mzima mwenye mistari mistari, amelala juu ya barafu, nikaomba asipasuliwe wala asitolewe magamba. Nikaendesha mpaka Champlin. Nikamtoa kwenye karatasi, nikamchovya mtoni. Sijui kwa nini. Nilitaka angalau awe amewahi kuuona mto. Nikamtia kwenye ndoo yenye maji, nikakaa juu ya jiwe saa mbili ili muda upite, bila fimbo ya kuvulia, nikitazamana naye. Kisha nikarudi, nikakohoa, nikaiweka ndoo mlangoni mwa jikoni.

"Mwambie Mama," nilimwita Peris kwa sauti ya mwanamume, "leo nimepata wa kuruhusiwa."

Nilirudi koridoni nikasimama nyuma ya mlango. Nilisikia leso ikipita, nyayo, ndoo ikivutwa. Nikasikia maji yakidondoka, maana yake ameinuliwa. Kumfunua samaki shavu kwa kidole gumba hakuna sauti, lakini nilijua ndicho anachofanya, kwa sababu kimya chake kilibadilika.

"Nabwire," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Mwambie baba yako huyu samaki amekufa tangu Jumanne."

Akamrudisha ndooni polepole, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Hakutoka hata kwa chai.

Peris alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto begani.

"Ulimnunua."

"Nilimnunua."

"Bravin, baba yangu alikuwa mvuvi, si unajua?"

"Najua."

"Hujui. Alikuwa anatoka jioni na mtumbwi, anarudi asubuhi na samaki. Kila siku, miaka kumi na moja. Na Mama kila asubuhi anampokea, anafunua shavu, anaona samaki wa jana. Wa juzi. Baba alikuwa ananunua njiani. Alikuwa na nyumba nyingine Majanji, upande wa Uganda. Mke na watoto wanne. Mama alijua kwa samaki kabla mtu yeyote hajamwambia." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Hakusema kitu. Aliwachukua wale samaki, akawauza, sisi tukasoma. Na wewe leo umemletea samaki wa Jumanne."

Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Ningeweza kusema sikujua, na ni kweli sikujua, lakini mtu aliyemchovya samaki mfu mtoni hana haki ya kusema sana.

"Nilidanganya leo," nikamwambia. "Leo tu. Siku zingine zote nilikuwa nasema kweli na hakuna aliyeniamini, nikachoka. Njooni mtoni mwone. Wote. Mama pia."

"Mama hawezi kupanda gari lako."

"Atapanda la Salmin. Salmin si mkwe wa mtu."

Peris alikwenda kubisha mlango wa mama yake. Walizungumza Kisamia muda mrefu. Nikasikia simu ikipigwa Port Victoria, nikaisikia sauti ya yule mzee wa mara ya kwanza, mwenye usingizi, maana kule ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Hakuchukua hata dakika tano. Mto, alisema, si nyumba ya mtu.

Tukaenda Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Miti ilikuwa imeshavuliwa nguo zote, jua lipo lakini la kuangalia tu, na kipimo cha Salmin kilisema maji ni nyuzi arobaini na sita za huku, ambazo ukiingiza mkono unahesabu vidole ukiutoa. Salmin aliwaleta Mama, Peris na mtoto. Mimi nilikuja nyuma kwa gari langu, kwa mwendo wa heshima. Mama alikuwa amevaa makoti mawili, langu la zamani juu, bila kujua ni langu. Peris alikuwa amemwambia ni la kanisani. Walimfungulia kiti cha kukunja hatua thelathini kutoka kwenye mawe yangu. Akafungua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua, akauinamisha upande wangu. Kwenye kitambaa cha mwavuli kulikuwa na tundu. Sitasema zaidi.

Nikatupa ndoana. Nikaburuta chambo polepole. Hakuna kitu.

Saa moja ikapita. Mama na Salmin walikuwa wakizungumza kama watu waliokua pamoja, chai ya chupa katikati yao. Alimwuliza samaki wa Mombasa majina na namna wanavyokaushwa, na Salmin, mtoto wa fundi saa, akawa anajibu "Wako wengi, Mama" kwa kila swali. Saa ya pili ikapita. Nilibadilisha chambo. Nilirudisha kile cha kwanza. Miguu ilikuwa imeacha kuwa yangu. Saa ya tatu Peris alikuja mpaka karibu yangu, mtoto amefungwa kifuani ndani ya koti.

"Mama anauliza kama ndiyo hii."

"Mwambie ndiyo hii."

"Anauliza kama siku zote huwa ni hivi."

"Mwambie siku nyingi."

Alikwenda akasema. Sikusikia jibu. Niliomba, na sioni aibu kusema niliomba kwa ajili ya samaki, wakati kuna watu wanaomba mvua na amani. Nilisema, Mungu wangu, huyo mwenye mkia uliochanika, amenijia mara tatu nisipomhitaji.

Kwenye baridi hang'ati kwa nguvu. Ni uzito tu unaoongezeka, kama mtu ameshika ncha ya nguo yako kwa nyuma. Nikainua fimbo na fimbo ikakataa kuinuka. Hakuruka safari hii. Alizama, akazunguka, akajaribu kuingia chini ya mawe, na mimi nikasahau mama mkwe, mila na Majanji, nikawa nasema tu "njoo, njoo, njoo". Salmin alikuja mbio na wavu. Akamwingiza, akauacha wavu ndani ya maji, akainama.

"Ndiye," akaninong'oneza. "Wallahi ni yeye."

Hapo nilifanya linalotakiwa. Nikaweka fimbo chini, nikatembea hatua thelathini upande wa pili, nikageuka na kuitazama miti ya ng'ambo. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia, na mengine alinieleza Peris.

Nilisikia mwavuli ukifungwa. Nikasikia viatu juu ya mawe, polepole, na Salmin akisema "Shika hapa, Mama." Peris anasema alikunja mikono ya makoti yote mawili, akalowesha mikono yake bila kuambiwa, akamwinua kwa chini kama unavyompokea mtoto kwa mtu. Aliangalia mkia. Aliangalia doa. Kisha akamfunua shavu kwa gumba, taratibu, na ndani kulikuwa kwekundu kabisa.

"Wa leo," nikamsikia akisema. "Peris, huyu ni wa leo."

"Mama, sekunde thelathini," Salmin akasema.

"Ngoja, kijana." Salmin ana miaka arobaini na tisa.

Alimrudisha kwenye maji lakini hakumwachia. Alimshika pale, uso wake ukielekea mkondo, maji yakimpita mdomoni. Mimi nilikuwa nahesabu miti. Miaka thelathini na moja mikono ile haijawahi kumwachia samaki, na mkobani, Peris alikuja kuniambia baadaye, alikuwa amebeba kisu na chumvi. Nilihesabu miti kumi na saba. Ndipo nikasikia mpigo mmoja wa mkia, mdogo tu, na Salmin akishusha pumzi.

"Ameenda," Peris akasema.

Niliendelea kutazama ng'ambo. Halafu nyayo zikaja upande wangu, zikasimama mahali mila inaporuhusu, labda hatua mbili tatu karibu zaidi.

"Nabwire," akasema, nyuma ya mgongo wangu. "Mwambie baba yako hivi. Babu yako aliniletea samaki kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Huyu, tukimtoa yule wa Jumanne, hajaniletea hata mmoja. Mwambie nimemwamini. Na zile picha zako nitaziondoa kwenye friji."

Nabwire alikuwa amelala ndani ya koti la mama yake, na kwa kweli ujumbe ule hakuupokea kabisa. Sikuweza kuuacha pale hewani. Machozi yalikuwa yananitoka, na baridi ile inayafanya yaume. Bila kugeuka, nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi:

"Asante, Mama."

Alijifanya hakusikia, kama inavyotakiwa. Lakini hakuondoka upesi.